Mwaka wa Mombasa na Neno "Wastani"

Katika Kimvita neno "mwaka" lina maana mbili. Ya kwanza kila mtu aijua, nayo ni miezi kumi na miwili. Ya pili ni mvua kubwa, zile ambazo wenzetu wa Unguja na wa bara huziita masika. Mtu wa Mombasa akisema kwamba mwaka umeingia, huenda hazungumzii kalenda hata kidogo. Azungumzia mapaa yavujayo, nguo zisizokauka kambani, na bahari iliyochafuka. Wazee wetu walizihesabu siku kwa makumi tangu Siku ya Mwaka, ile tuiitayo Nairuzi, nao wakajua kumi la ngapi huja na upepo gani, na kumi la ngapi mkulima aingie shambani. Walihitaji hesabu hiyo ya jua kwa sababu miezi yetu ya mwandamo huzunguka misimu yote, haikai na mvua wala haikai na kiangazi.

Siku hizi habari ya mwaka yatufikia kwa njia nyingine. Redio husema kwamba mvua za msimu zatarajiwa kuwa "juu ya wastani" au "chini ya wastani wa muda mrefu", kisha hufuata matangazo ya biashara, na mama wa nyumba aendelea kukuna nazi yake. Neno limepita. Nasi twaona kwamba ni neno linalomhusu yeye kuliko wengi, maana ndani yake mna maji ya kupikia, joto la chumba analolala mtoto, na fedha zitakazokwenda kwa muuza maji wa mkokoteni. Basi natulisimamishe kidogo tuliulize limetoka wapi.

Kipimo cha mvua cha mji wetu kinachotajwa sana kiko bara ya magharibi, katika uwanja wa ndege wa Moi, upande wa Port Reitz. Hapo maji ya mvua hukusanywa katika chombo na kupimwa kwa milimita, na joto husomwa kivulini, mbali na ukuta na lami. Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Hilo tutalirudia, kwa kuwa ndilo ufunguo wa hesabu ya nyumbani. Masomo ya miaka thelathini hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa thelathini. Hivyo ndivyo upatikanavyo "wastani wa muda mrefu". Mashirika ya hali ya hewa ya dunia sasa hutumia miaka ya 1991 hadi 2020, na kila baada ya miaka kumi kipindi hicho husogezwa mbele.

Kwa Mombasa, wastani huo wasema kwamba mwaka mzima hutupa kama milimita 1,000 hadi 1,100. Si haba. Ila mgawanyo wake hauna usawa. Februari huwa mkavu kabisa, milimita zake aghalabu hazifiki 20. Machi huanza kwa matone ya hapa na pale. Aprili hufika kama 150, na Mei, ambao ndio mwezi wa mwaka wenyewe, hupita 200. Juni, Julai na Agosti hushuka lakini hazikauki. Katika miezi hiyo huja mvua fupifupi za asubuhi ambazo wazee huziita mchoo. Oktoba na Novemba ni vuli, kila mmoja karibu na 100. Disemba hupungua, kisha kaskazi hufunga mlango.

Hapa pana jambo ambalo wakazi wa pwani hukosea kwa kusikiliza habari za Nairobi. Kule mvua kubwa hufikia kilele mwezi wa Aprili, na watangazaji huzungumza juu ya Machi hadi Mei. Kwetu kilele ni Mei, na mvua huvuka hadi Juni. Sababu ni kusi. Ukanda wa mvua hulifuata jua likipanda kaskazini, nao hupita bara na pwani kwa pamoja. Lakini kwetu, kusi ikishika nguvu, huja na unyevu wa bahari na kuumwaga juu ya pwani hata baada ya bara kuanza kukauka. Mama anayesikia mwishoni mwa Aprili kwamba mvua "zaelekea ukingoni" na akaanika magodoro yake, si wa kulaumiwa. Amesikiliza habari za nchi ya watu wengine.

Sasa "juu" na "chini" ni kiasi gani? Idara ya hali ya hewa ya Kenya ina mizani yake. Mvua ya msimu ikianguka kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani, huhesabiwa kuwa ya kawaida. Chini ya 75 ni pungufu, juu ya 125 ni nyingi. Tuchukue kwa mfano kwamba Machi, Aprili na Mei kwa pamoja hutupa milimita 450 hivi. Basi msimu wa milimita 340 ni wa kawaida, na msimu wa milimita 560 nao ni wa kawaida. Baina ya hiyo miwili mna milimita 220, yaani Mei nzima. Mwenye tangi dogo na mwenye kisima kifupi hawawezi kuiona misimu hiyo kuwa sawa, hata kama daftari la ofisi laipa jina moja.

Wala jumla haisemi mvua ilianguka vipi. Milimita 100 zaweza kuja kwa siku ishirini, kidogokidogo, usiku, zikazama katika mwamba wetu wa matumbawe na kujaza visima. Zaweza pia kuja kwa alasiri moja. Mwamba ule hunywa, lakini lami hainywi, saruji hainywi, na mtaro uliozibwa kwa mifuko na chupa hauna pa kuyapeleka maji. Mwisho wa mwezi safu ya hesabu itaonyesha 100 katika hali zote mbili, na aliyepandisha watoto juu ya meza usiku ule ataambiwa kwamba mvua ilikuwa "kama kawaida". Tumefundishwa kwamba tuonapo mvua tuombe iwe yenye manufaa. Hatukufundishwa kuomba wingi peke yake. Katika mji uliojengwa juu ya mitaro yake, tofauti hiyo yaonekana kwa macho.

Tena wastani una mambo yake ya siri. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1997 twaikumbuka Oktoba yake. Joto la Bahari ya Pasifiki lilikuwa limepanda, jambo ambalo dunia nzima ililijua kwa jina la El Niño, na Bahari yetu ya Hindi nayo ilikuwa imepata joto upande huu wa magharibi na kupoa upande wa Indonesia. Mawili hayo yakikutana, vuli huacha kuwa vuli. Mvua zilipasua barabara na kukata madaraja nchini kote. Bahari ikipata joto upande wetu hutosha hata bila msaada mkubwa wa Pasifiki: ndivyo ilivyokuwa 1961, mvua ambazo wazee hawakuzisahau, na ndivyo ilivyokuwa tena 2019. Mwaka 2023 yalikutana yote mawili, na Novemba yake ikaleta mafuriko pwani.

Tazameni sasa siri yenyewe. Mafuriko ya 1997 na ya 2019 yamo ndani ya miaka thelathini ya hesabu. Vuli ikipata milimita 300 za ziada mwaka mmoja tu, wastani wake wa miaka thelathini hupanda kwa milimita 10, na hukaa juu hivyo mpaka mwaka ule utoke katika hesabu. Kwa hiyo "Oktoba ya wastani" si Oktoba ambayo mtu yeyote amewahi kuiishi. Ni mchanganyiko wa Oktoba nyingi kavukavu na chache za kutisha. Mkulima wa Kilifi akipanda kwa kutumainia wastani huo, mara nyingi atapata pungufu yake, na mara chache atapata zaidi ya anavyoweza kubeba. Hii si hila ya wataalamu. Ndiyo tabia ya wastani popote ulipo. Mtu na tajiri wakikaa meza moja, wastani wa mali yao ni mkubwa.

Upande wa pili wa mizani twaujua pia. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilipungua katika Pembe ya Afrika, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka arobaini. Mombasa mjini wengi waliona tu bei ya mboga na ya mbuzi. Lakini wenye jamaa Ganze, Kinango na kando ya Mto Tana waliona ng'ombe wakilala wasiinuke, na wasichana wakitoka alfajiri na mitungi wakarudi jua la mchana, shule imekwisha kuwapita. Pungufu ya msimu mmoja familia huihimili kwa akiba. Ya msimu wa pili huuza mbuzi. Kuanzia wa tatu hesabu ya asilimia haina maana tena, kwa sababu kilichopungua si mvua peke yake. Kimepungua kile ambacho kilikuwa cha kuipokea mvua ikirudi.

Tuje kwenye joto. Katika mji wetu wastani wa joto la mchana mwezi wa Februari na Machi ni kama nyuzi 32 hadi 33, na usiku hushuka hadi karibu na 24. Julai mchana ni 27 au 28, na usiku hufika kama 20, ndipo utakapoona watu wa Mji wa Kale wamevaa sweta na kulalamika baridi, wageni wakiwacheka. Kwa hesabu, tofauti baina ya mwezi wa moto na wa baridi haifiki nyuzi 6. Hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya asubuhi na mchana katika miji mingi ya bara. Kwa sababu hiyo mtu akisoma kwamba Machi fulani ulikuwa "nyuzi moja juu ya wastani" huona ni upuuzi.

Si upuuzi. Mji ambao misimu yake yote imekaa katika nafasi ya nyuzi sita, nyuzi moja ni sehemu kubwa. Pili, hewa yetu ina unyevu mwingi, na mwili hupoa kwa jasho linalokauka. Jasho lisipokauka, nyuzi moja ya nje ni mzigo mkubwa ndani. Tatu, kipimo husomwa kivulini penye hewa, na si katika jikoni yenye dirisha moja, chini ya mabati, majiko mawili yakiwaka. Nchi ya Kenya imepata joto kwa takriban nyuzi moja tangu 1960. Wastani mpya wa 1991 hadi 2020 umebeba ndani yake sehemu ya joto hilo, kwa hiyo mwezi utakaoitwa "wa kawaida" leo, bibi zetu wangeuita wa moto. Bahari nayo ina kumbukumbu yake: mwaka 1998 maji yalipata joto hata matumbawe ya pwani yetu yakapauka, na mengi yakafa.

Waliojenga Mji wa Kale walilijua joto bila ya kipimajoto. Kuta zao ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Vichochoro ni vyembamba hata nyumba moja humpa jirani yake kivuli. Dari ziko juu, na madirisha hutazamana ili upepo wa bahari upite. Tembeeni hapo saa saba mchana mwezi wa Machi, kisha mvuke Nyali mwende mtaa wowote mpya wa Kisauni wenye nyumba za matofali ya saruji na mabati yasiyo na dari. Hakuna haja ya takwimu. Usiku ndipo tofauti huwa kubwa zaidi, kwa kuwa saruji huliweka joto la mchana na kulitoa polepole mpaka alfajiri. Twawaomba wanaojenga, kabla ya kulipia vigae vya sebuleni, waweke dari juu ya chumba cha kulala watoto na dirisha la pili jikoni. Vigae mgeni huviona, lakini joto hulalwa na wenye nyumba.

Jambo hili la joto limetugusa katika Ramadhani. Mwezi wa mwandamo hurudi nyuma kwa kama siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2013 na 2014 tulifunga katika Julai, ndani ya kusi, na mabinti wengi walioanza kufunga wakati ule walidhani kwamba funga ya Mombasa ni jambo la upepo mwanana. Kisha mwezi ukashuka kidogokidogo hata 2024 na 2025 ukakaa katika Machi, na 2026 ukaanzia Februari, yaani katika miezi ya moto kuliko yote, jua likiwa karibu kupita utosini. Wajawazito, wanyonyeshao, wagonjwa na wazee wana ruhusa zao, nazo si aibu kuzitumia. Na akina baba wakumbuke kwamba saa kumi alasiri, wakati wao wamejinyosha msikitini penye feni, kuna mtu aliyefunga amesimama mbele ya mafuta yanayochemka. Bajia za aina sita si sharti ya futari. Samaki na maziwa nayo, katika joto hilo na umeme ukatikao, hayasubiri tangu asubuhi.

Baada ya hapo Ramadhani itaingia Januari; mwaka 2030 utakuwa nazo mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Disemba. Joto litapungua kidogo. Lakini Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu, na hapa twarudi kwenye maji.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, na kwamba mlangoni mwake palikuwa na kisima kifupi, ambacho watu walichotea maji kwa chombo cha mti wakaosha miguu kabla ya kuingia. Maji yalikuwa karibu na uso wa ardhi. Na Fort Jesus, iliyoanzwa kujengwa 1593, ina birika la kuwekea maji ya mvua. Mji huu haujawahi kuwa na mto wa maji matamu. Umeishi kwa mvua iliyozama ardhini na mvua iliyokingwa, mpaka yalipoletwa mabomba kutoka mbali, toka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho. Mabomba hayo hayatoshi, kila mwenye nyumba ajua. Visima navyo vimechoka: vikivutwa sana katika kiangazi maji ya bahari huingia chini yake, na vyoo vya shimo vilivyo jirani huvitia maradhi.

Basi turudi kwenye ile milimita. Nyumba yenye paa la mita kumi kwa nane ina mita 80 za mraba. Mei ya milimita 200 humwaga juu yake lita 16,000, yaani mitungi 800 ya lita ishirini. Mwaka wa milimita 1,000 humwaga mitungi 4,000. Familia ya watu sita inayotumia mitungi sita kwa siku huhitaji 2,190 kwa mwaka. Mvua yatosha, na hata maji yanayopotea njiani yakitolewa, yatosha. Lakini Februari paa hilohilo, kwa milimita 15, hutoa mitungi 60, ambayo ni maji ya siku kumi. Tatizo la Mombasa, kwa wastani wake, si uchache wa mvua. Ni pahali pa kuiweka baina ya Disemba na Aprili. Tangi la lita 10,000 lililojaa siku ya mwisho ya Disemba hutosha familia hiyo siku 83, yaani hadi wiki ya nne ya Machi. Bei yake ni kubwa kwa nyumba moja. Nyumba tatu za ua mmoja, au kikundi cha akina mama wanaochezeana mchezo wa fedha, huweza kulinunua moja kwa zamu, na lenye kufuata mwaka ujao.

Mvua ya kwanza isiingizwe tangini. Iacheni ioshe vumbi na alama za kunguru, ambao katika mji huu hawakosi paa. Tangi lifunikwe kwa wavu mdogo, mbu wasizalie humo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Na tabiri za msimu zikitoka, zisikilizwe zile za kaunti yetu, kisha zisomwe pamoja na hesabu hii. Wakisema vuli itakuwa chini ya wastani, tangi lijazwe tangu mchoo wa Agosti, lisingoje Novemba. Wakisema itakuwa juu ya wastani, mitaro izibuliwe Septemba, na vyeti vya watoto, hati za nyumba na misahafu vipandishwe rafu ya juu. Tabiri hukosea. Rafu ya juu haimdhuru mtu hata zikikosea.

Ombi letu la mwisho ni kwa mabinti wa madrasa. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, lisilopanuka juu wala chini, mliweke pahali wazi pasipo na mti wala ukingo wa paa. Kila asubuhi saa tatu pimeni kwa rula kina cha maji, muandike milimita na tarehe, kisha mumwage. Upana wa kopo haubadilishi kitu. Kipimo cha Port Reitz hakijui ilivyonyesha Mtopanga wala Likoni. Daftari lenu litajua. Anzeni na Machi, kabla mwaka haujaingia.